Fungu Moja Libaki Nyumbani

Mpwa wangu, rudishia huo mlango, upepo wa Mgeta hauna adabu kwa mifupa ya mzee. Vuta kigoda ukae. Nimekuita mimi, sikumwachia mama yako, maana kwetu Waluguru maneno ya namna hii huyasema mjomba, na marehemu baba yako alilijua hilo wala hakuwahi kunung'unika. Nimechoka, sikufichi. Haya ninayotaka kukwambia nimeyasema zahanati kwa miaka 31, nikayasema kwenye mikutano ya kijiji, nikayasema misibani mpaka vijana wakanipa jina la Mzee Mboga. Nilikwisha kuamua kunyamaza. Ila juzi nimeona kitu kwa macho yangu mwenyewe.

Tulikuwa kwenye matanga. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima lakini bado tunaonana sura, hata taa hazijawashwa. Mkeo akatoka jikoni na birika la chai. Pale mlangoni kuna lile jiwe, unalijua, amelivuka kila siku tangu umlete hapa. Akalikanyaga kama halipo. Chai ikamwagika, watu wakacheka kidogo, shangazi mmoja akasema mimba imekuwa nzito. Mimi sikucheka. Nilimfuata taratibu nikamuuliza: mkwe, jioni unaonaje? Akaniambia, "Mjomba, mwezi wa pili huu giza linaniingia mapema kuliko wenzangu. Mchana naona vizuri tu." Nikamuuliza kama mumewe anajua. Akasema anajua. Akasema wewe umemwambia ni mambo ya mimba, akijifungua yatakwisha, na kwamba ulipopita mjini ulimnunulia dawa ya macho, kwa kuwa umesikia watu wanapewa matone.

Matone, mpwa wangu! Hayo matone uliyoyasikia hayatiwi machoni. Ni vitamini A, humiminwa mdomoni mwa mtoto. Nesi hukata ncha ya kidonge laini akakikamua: cha bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka mmoja mpaka afikishe mitano. Tangu mwaka 2001 nchi hii imekuwa ikiwakusanya watoto mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na wewe mwenyewe umewahi kumbeba binti yako begani kumpeleka. Ulipanga foleni, ukamshika kichwa, ukaona anavyokunja uso. Ukarudi nyumbani ukiwa na hakika kwamba habari ya vitamini A imekwisha hapo. Hukukosea peke yako. Sisi wa zahanati ndio tuliowafundisha hivyo bila kukusudia. Tulisema mtoto, mtoto, mtoto, mpaka mtu mzima akadhani yeye amekwisha kuvuka.

Sasa sikiliza jicho linavyofanya kazi, maana ukilielewa hili huhitaji mengine mengi. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Mwanga mkali wa mchana unapokelewa kwa namna yake, na mwanga hafifu wa magharibi kwa namna nyingine. Ili ukamate ule hafifu, utando huo unahitaji rangi fulani, na rangi hiyo haitengenezwi bila vitamini A. Akiba ikipungua mwilini, rangi nayo inachelewa kurudi. Mtu huyo mchana atakusomea gazeti, ila ikifika saa moja ya jioni anapapasa ukuta, kama kuku anavyokimbilia banda kabla ya kila mnyama mwingine. Ukiliacha hilo liendelee, weupe wa jicho unakauka, yanatokea mabaka yanayofanana na povu la sabuni, na mwisho kioo cha jicho chenyewe kinalainika. Mkeo hajafika huko, na simwoni akifika huko kama utanisikiliza. Ila kutoona jioni ni taarifa. Mimba haiondoi macho ya mtu. Mimba inachota akiba ya mama kumpa mtoto, na kama ghala lilikuwa nusu, ndipo sakafu inapoonekana.

Tena jicho ni mahali panaposema mapema tu. Vitamini hiyohiyo ndiyo inayotunza ngozi ya ndani, ya pua, koo, mapafu, utumbo, hadi njia ya mkojo. Ngozi hiyo ikiwa dhaifu, vijidudu vinaingia kama mbuzi kwenye shamba lisilo na uzio. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali ya Mvumi, hapo kwa jirani zetu Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida peke yake. Waliopewa walikuwa 92, wakafa 6. Wasiopewa walikuwa 88, wakafa 12. Nilikuwa kazini wakati ule, na nakwambia, sisi tuliokuwa tumezika watoto wa surua hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko kwamba mtoto wa surua apewe vitamini A mahali ambapo upungufu ni tatizo. Dodoma ilitoa mchango wake kwa dunia, ingawa sijui ni Wagogo wangapi wamewahi kuambiwa.

Utaniuliza, mjomba, hayo ni ya watoto na wajawazito, mimi mwanaume mzima nisiyeumwa unanihusishaje? Swali zuri, nililitegemea. Mwaka 2010 serikali ilifanya upimaji wa afya wa kitaifa, na mara hiyo ikachukua damu kutazama vitamini A. Ilionekana kwamba kama theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 hali ilikuwa hivyohivyo, zaidi ya mmoja katika kila watatu. Hao ni wanawake wa kawaida, wanaolima, wanaobeba kuni, wanaocheza ngoma harusini. Hakuna aliyeokotwa wodini. Wanaume hawakupimwa. Kwa hiyo unaponiambia wewe ni mzima, nakuuliza umejuaje?

Na hata ukipimwa, damu ina tabia ya kuficha siri. Vitamini A hukaa kwenye ini. Ini ni kihenge. Mtu aliyekula vizuri anaweza kuwa na akiba ya miezi mingi humo, na ini hutoa kidogo kidogo kuingiza kwenye damu kwa kipimo kilekile, lijae au lipungue. Ukichungulia damu unaona sawa, kumbe kihenge kinakwanguliwa. Ni pale akiba inapokaribia kwisha ndipo damu inapoanza kushuka. Homa nayo ikikupata siku hiyo, damu inashuka hata kama kihenge kina kitu. Wapimaji wanalijua hilo na wanalipigia hesabu, lakini wewe unayejitazama kwenye kioo cha lori lako la Fuso huna hesabu hiyo.

Nikupe mfano wa kihenge hicho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Sheffield, Uingereza, walikuwapo watu waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Baadhi yao wakajitolea miili kwa ajili ya sayansi. Watu 16, wazima kabisa, wakalishwa chakula kisicho na vitamini A. Wataalamu wakakaa wakingoja. Wakangoja miezi, kwa wengine ukapita mwaka. Katika wote hao ni 3 tu walioonyesha upungufu dhahiri. Nilipoisoma habari hiyo ujanani nilifurahi, nikasema kumbe binadamu ni mgumu. Nilipozeeka nikaisoma upya nikaogopa. Maana yake ni kwamba mtu mzima aliyeanza na kihenge kilichojaa anaweza kuishi muda mrefu akila vibaya bila kitu chochote kumwambia. Wale walikuwa wameanza na kihenge kilichojaa. Mkeo alianza na nini? Aliolewa akiwa na miaka 19, akazaa, akanyonyesha miaka miwili, akashika mimba nyingine, huku akilima na kubeba.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Wiki ileile mkeo alipokanyaga jiwe, wewe uliteremsha Fuso ya karoti. Nilikuona ukifunga turubai pale Nyandira, na magunia ya lumbesa yamevimba kama yana mimba. Yameshuka Langali, Mlali, yakapita Mzumbe, usiku yakaingia Dar es Salaam, asubuhi karoti za Mgeta zikamenywa na mama ntilie wa Ilala kwenye kachumbari. Penye miti hapana wajenzi. Mlima huu umelisha watu wa pwani tangu babu zenu, kabichi, njegere, karoti, viazi mviringo, na kule Kinole na Matombo machungwa, ndizi na mananasi. Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu pale mjini, utaona meza zimejaa rangi zote. Kisha panda na mtu huyohuyo aliyeuza mpaka nyumbani kwake, funua sufuria. Ugali mweupe na maharage. Maharage ni chakula kizuri, sina ugomvi nayo, lakini vitamini A haimo. Unga mweupe wa sembe haunayo. Wali haunayo. Muhogo mweupe haunayo ya maana. Mnaweza kushiba hivyo mwaka mzima.

Silaumu biashara. Karoti ndiyo iliyokuezekea bati. Ninachouliza ni kwa nini hata fungu moja halibaki.

Tuzungumze kipimo, usije ukasema mzee anaongea kwa hisia. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani na wenzao wa FAO ni mikrogramu 600 kwa siku kwa mwanaume, 500 kwa mwanamke, 800 akiwa mjamzito na 850 akinyonyesha. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunaongelea kitu kidogo mno. Gramu 100 za karoti zina kama 800. Hapo utapiga makofi, useme basi karoti moja na nusu imemaliza kazi. Subiri.

Mmea hauna vitamini A yenyewe. Una rangi, ile ya machungwa ya karoti na ile inayojificha nyuma ya kijani cha matembele, na mwili wako ndio unaoigeuza iwe vitamini. Zamani wataalamu walihesabu kwamba sehemu 6 za rangi hiyo ndani ya chakula huzaa sehemu 1 ya vitamini. Mwaka 2001 Wamarekani wakasema hapana, tumetazama vizuri, zinahitajika 12. Mwaka 2015 Korea Kusini nao wakahamia kwenye hesabu hiyo ya 12 katika viwango vyao vya lishe. Nawataja Wakorea kwa sababu wanafanana na sisi kwa jambo moja: ni watu wa mboga, na sehemu kubwa ya vitamini A yao hutoka kwenye majani na mizizi kuliko kwenye nyama na maziwa. Sahani ya mboga haikubadilika, mlaji hakubadilika, lakini kwenye daftari kilichohesabiwa kutoka kwenye mboga kikapungua nusu. Huko kuna viwanda, hospitali na maziwa dukani, na bado wameona haja ya kumuuliza mtu mzima mwenye afya: wewe unakula nini, na damu yako inasemaje? Sisi tunaotegemea mboga kuliko wao hatuulizani.

Ile 800 niliyokutajia ni kwa hesabu mpya, nimeshaipunguza. Ila hata hiyo ni ya karatasini. Ndani ya tumbo lako inategemea umekulaje. Karoti mbichi unayotafuna njiani ukiendesha, nyingi inapita na kutoka. Rangi ile imefungiwa ndani ya vichumba vya mmea, na kuta zake hazivunjiki kwa meno peke yake. Moto unazivunja. Kutwanga kunazivunja, ndiyo maana bibi zetu waliotwanga kisamvu walikuwa wanafanya kazi ya maabara bila koti jeupe. Kisha rangi hiyo haisafiri kwa maji, husafiri kwa mafuta. Mchicha uliochemshwa na chumvi tupu unapoteza bure sehemu kubwa ya neema yake. Weka mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji, au tui la nazi, au karanga zilizotwangwa, inatosha. Sikwambii muogelee kwenye mafuta kama chipsi za stendi.

Nimesikia mama mmoja akisema hamwagi maji ya mboga ili vitamini A isipotee. Nilimsifu, maana yako mengine yanayoondoka na maji hayo, ila hii haiyeyuki kwenye maji, inabaki kwenye jani. Adui yake ni jua. Shemeji zenu wa Kilosa na Dodoma wanaokausha mboga juu ya bati, waambie waanike kivulini au kwenye kikaushio chenye kifuniko. Watafiti wa hapahapa Tanzania walishapima wakakuta mboga iliyoanikwa wazi juani inabakiza rangi kidogo kuliko iliyokaushwa ndani ya kikaushio. Na minyoo. Mtu mwenye minyoo ya tumbo anakula kwa ajili ya wapangaji.

Usinielewe kwamba kila kitu ni karoti. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kama 140, kwa hiyo bakuli la haja linajenga, kijiko cha pembeni ya ugali ni mapambo. Embe na papai zina kama 50 kila gramu 100, nazo zina uzuri kwamba mtoto hahitaji kusukumwa. Yai moja lina kama 75, na hiyo tayari ni vitamini kamili, haihitaji kugeuzwa. Viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinapita 700. Mbegu za Kiegea na Mataya zimepitishwa nchini tangu mwaka 2010. Nilikuletea marando mwaka juzi ukayapanda ukingoni mwa shamba, ukayaacha mbuzi wakayala.

Kwa kuwa nimetaja mbuzi. Hao mbuzi wako wa maziwa, asili yao Norway, waliletwa Mgeta na Chuo Kikuu cha Sokoine mwishoni mwa miaka ya 1980. Umewahi kujiuliza kwa nini maziwa yao ni meupe pe, na siagi ya ng'ombe wa majani ni ya manjano? Mbuzi anaigeuza karibu rangi yote ya majani kuwa vitamini kabla haijafika kwenye chuchu. Ng'ombe anaacha sehemu ipite na umanjano wake. Yaani mbuzi wako ni kiwanda kinachofanya kazi ambayo tumbo lako linaifanya kwa shida, tena kinakula hata yale marando uliyoyadharau. Na maziwa hayo yote unayauza. Nusu lita ingebaki, nani angefilisika?

Dukani nako kuna jambo. Kanuni zilitungwa mwaka 2011 na mwaka 2013 Rais Kikwete akazindua mpango wa kitaifa: unga wa viwandani uongezwe madini ya chuma na virutubishi vingine, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Ni jambo jema na ningependa liwe lilivyoandikwa. Lakini mahindi yetu tunasaga kwenye mashine ya kijiji, wala hayapiti kiwandani. Na mafuta tunanunua ya kupima, kutoka kwenye dumu ambalo hatujui lilijazwa wapi, tena limewekwa mlangoni mwa duka linapigwa na jua, wakati mwanga ndio unaoiua vitamini hiyo. Ukiwa mjini na hela ya karoti mfukoni, nunua dumu lililofungwa, tazama alama ya virutubishi, ukifika nyumbani liweke kabatini. Hilo unaliweza wiki hii.

Sasa niseme la wanaume, na mama yako asinisikie maana atashangilia. Kuku akichinjwa nyumbani kwako, ini na firigisi vinakwenda kwa nani? Nimekula kwako, nimeona. Ini ndilo kihenge, la kuku na la ng'ombe vilevile, na gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa zina zaidi ya mikrogramu 9,000. Hiyo ni akiba ya siku nyingi kwa mtu mmoja. Kipande cha firigisi mpe yeyote unayetaka, lakini ini usiligeuze kuwa heshima ya mwenye nyumba kila mara. Kisha jioni unakwenda kilabuni. Sitakuhubiria dini, nakwambia mambo ya ghala. Pombe nyingi inaharibu ini na inaitoa vitamini A iliyohifadhiwa humo. Unakula ini la kuku, unalimwagia lako gongo.

Wala usitoke hapa ukakimbilia vidonge. Najua wanapita, wana mabegi mazuri na karatasi zenye picha, wanauza virutubisho kwa bei ya mbuzi. Vitamini A kutoka kwenye mboga haikudhuru, ukizidisha karoti viganja vinageuka manjano tu na baada ya muda vinarudi. Ile ya kidonge ni habari nyingine, ikizidi inatia sumu ini na kichwa. Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa kwenye utafiti, wengine wakapewa kila siku vidonge vya ile rangi ya karoti, kwa nia njema kabisa ya kuwakinga na saratani. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Kwa hiyo wewe unayevuta, kula karoti, kidonge chake kiache dukani.

Na kwa mkeo hili ni kubwa zaidi. Ile dozi nyekundu ya watoto asipewe kamwe akiwa mjamzito, hata mtu akikupatia bure. Dozi kubwa ya vitamini A inaweza kumharibu mtoto tumboni. Zamani tulikuwa tunawapa mama waliotoka kujifungua, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likasema hilo nalo lisifanywe tena, kwa kuwa halikuonekana kusaidia. Mjamzito asiyeona jioni hupewa dozi ndogo, kwa siku au kwa wiki, na anayeipanga ni mtu wa kliniki. Ini nalo, usimlundikie sasa hivi ukidhani unamtibu. Muulize mkunga kwanza. Mayai, maziwa, matembele yenye mafuta, viazi lishe, hivyo mpe bila kumuuliza mtu. Ile dawa ya macho uliyonunua niachie hapa mezani. Na asije mtu akamtia maji ya majani machoni. Nimeona macho yaliyopona upungufu yakaharibiwa na dawa ya kienyeji.

Nakuona unatazama saa. Gari linapakiwa, najua. Mwaka 1955 wazee wetu walimkatalia Mwingereza matuta yake kwenye milima hii, kwa sababu aliwaamrisha bila kuwaeleza. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, nimesimuliwa. Sikuamrishi. Nimekueleza mpaka koo limekauka, na sasa ni juu yako.

Shamba unalolima ni la ukoo wa mkeo, nadhani hulisahau hilo. Ng'oa karoti za juma kabla hujamwita dalali, uzipeleke jikoni. Mbuzi mmoja awe wa nyumba. Marando nitakupa mengine, yapande karibu na mlango ambapo mbuzi hawafiki.

Kliniki ya wajawazito ni kesho, wanaanza saa mbili asubuhi. Nenda naye wewe mwenyewe, usimtume na mdogo wake. Mwambie nesi maneno haya: mke wangu haoni jioni. Usiseme anaumwa macho. Na kadi yake msiisahau.